Mhunzi wa Natete

Sura ya 13 ya Samweli wa Kwanza wengi wetu huipita haraka, tukiwa na hamu ya kumfikia Daudi na Goliathi. Ukiisoma taratibu unakutana na jambo la kushangaza. Nchi nzima ya Israeli haikuwa na mhunzi hata mmoja. Wafilisti walihakikisha hivyo. Mwisraeli aliyetaka kunoa jembe, shoka au mundu wake alishuka kwa Wafilisti, akalipa, akarudi. Siku ya vita ilipofika, upanga na mkuki vilikutwa kwa watu wawili tu, Sauli na mwanawe Yonathani. Taifa lilikuwa na mfalme, lilikuwa na makuhani, lilikuwa na nabii, na bado lilishikwa koo kwa kukosa mtu wa nyundo.

Mpendwa msomaji, Jumapili hii ninakuletea habari za mtu wa nyundo. Jina lake linatajwa sana ng'ambo ya ziwa, nchini Uganda, ambako kuna shule na barabara zinazomkumbuka. Huku kwetu Tanzania hatajwi sana, ingawa alifika kwanza kwetu, alifia kwetu na alizikwa kwetu. Huyu ni Alexander Mackay.

Alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, kaskazini mashariki mwa Uskoti. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa Huru la Uskoti, mtu wa vitabu, na ndiye aliyemfundisha mwanawe nyumbani. Mtoto alijua kusoma akiwa mdogo sana, na mzee aliona wazi kwamba hapa kuna mchungaji mwingine. Tatizo ni kwamba kijana akitafutwa alikutwa kwenye kibanda cha mhunzi wa kijiji, akitazama mivuo ikipuliza makaa na chuma kikibadilika rangi. Asipokuwa huko, yuko kwenye kinu. Kituo cha reli kilikuwa Gartly, mwendo wa maili nne, naye alikuwa tayari kutembea kwenda na kurudi ili aione injini ikisimama kwa dakika chache na kuondoka tena.

Mama yake alifariki mwaka 1865, Alexander akiwa hajatimiza miaka 16. Alimwachia Biblia yake, na kumwagiza ayachunguze Maandiko. Kijana alishika yote mawili, Biblia ya mama na nyundo ya mhunzi, na kwa miaka kadhaa hakuona namna ya kuviunganisha. Alisomea ualimu mjini Edinburgh, kisha akasomea uhandisi, huku akifanya kazi katika karakana za Leith na asubuhi akifundisha ili apate ada. Mwaka 1873 alikwenda Ujerumani, na mjini Berlin akafanya kazi ya kuchora na kuunda injini za treni. Alikuwa fundi aliyeheshimiwa, mwenye mshahara mzuri, na mbele yake palikuwa peupe.

Mwishoni mwa mwaka 1875 magazeti ya Uingereza yalichapa barua ya Henry Morton Stanley kutoka Buganda. Stanley aliandika kwamba Kabaka Mutesa alikuwa tayari kupokea walimu wa Kikristo, ila akaweka angalizo ambalo mtu wa Berlin hakuweza kulipita. Alisema mhubiri mtupu hatatosha. Anatakiwa Mkristo wa vitendo, anayejua kujenga nyumba, kulima, kutibu wagonjwa, kushika kazi yoyote kama baharia. Mackay aliandika kwa shirika la wamisionari la CMS la London akajitoa. Hakuomba kuwa mchungaji, na hakuwa mchungaji hadi kufa kwake. Aliomba kwenda kama mhandisi.

Kikundi cha kwanza kilikuwa cha watu wanane, naye ndiye mdogo kuliko wote. Kwenye mkutano wa kuagana, wenzake wakiisha kusema, alisimama akawaambia wazee wa kamati maneno ambayo hayakuzoeleka kwenye mikutano ya namna ile. Aliwaambia kwamba katika miezi sita watapata habari kuwa mmoja wao amekufa, na habari hiyo itakapofika wasikate tamaa, watume mwingine mara moja. Waliondoka Aprili 1876. Mwezi Agosti mjenzi wa kikundi, James Robertson, alikufa Zanzibar. Mwaka uliofuata akafa daktari wao, John Smith, kusini mwa ziwa. Desemba 1877 wengine wawili, Luteni Shergold Smith na O'Neill, waliuawa kisiwani Ukerewe katika ugomvi ambao haukuanzishwa na wao.

Mackay wakati huo alikuwa bado njiani. Homa ilimrudisha pwani, na alipopata nguvu alipewa kazi ya kufungua barabara ya magari ya ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa, takriban maili 230. Aliifanya mwaka 1877 kwa mashoka, misumeno na majembe, akivuka mito iliyojaa na vichaka vya miiba. Magari yakapita. Kisha mbung'o wakawaua ng'ombe. Barabara ikabaki, na wapagazi wakaendelea kubeba mizigo vichwani kama zamani.

Juni 1878 alifika Kageye, kwenye ufuko wa ziwa upande wa Mwanza. Mizigo ya misheni iliyotangulia ilikuwa humo kibandani, imerundikwa. Hebu lione rundo lile: mabati ya boila, mabomba, magurudumu ya meno, skrubu, dawa, vitabu vilivyooza, herufi za kuchapia zilizotawanyika, misumari, vyote vimeshikwa na kutu na kuliwa na mchwa. Watu wanne walikuwa wamekufa kwa ajili ya kufikisha vitu vile, na sasa ni takataka. Mtu mwingine angekaa chini alie. Mackay aliwasha moto. Kwa siku kama kumi alichambua, akasugua, akanyoosha, akaunga, na ile lundo ikaanza kuwa injini, ikawa kerezo, ikawa cherehe ya kunolea.

Wenyeji wa Kageye walikuja kutazama. Hawakuwa watu wasiojua chuma, na hili ningependa tulishike vizuri kwa sababu simulizi nyingi za wamisionari hulipita. Kusini mwa ziwa palikuwa na mafundi wa Kirongo waliojenga tanuri za udongo, wakayeyusha mawe ya chuma kwa makaa na mivuo, na kufua majembe yaliyouzwa mbali hadi Unyamwezi na kutolewa mahari. Aliyepita vilima vya Geita na Biharamulo huenda ameona mavi ya chuma ya tanuri hizo. Watu wale waliijua nyundo. Kilichowashangaza ni gurudumu, yaani jiwe linalozunguka lenyewe mtu akikanyaga kwa mguu, na chuma kinachochongwa mviringo kama mti laini. Wakasema watu weupe wametoka mbinguni. Mackay aliwajibu kwamba babu zake mwenyewe walikuwa watu wa porini waliojipaka rangi mwilini, na kwamba ujuzi wote huu uliwajia kidogo kidogo. Nilipolisoma jibu hilo nilimpenda. Angeweza kukubali ile sifa na kuitumia.

Kabla ya kwenda Buganda alifanya jambo ambalo wenzake waliliona ni wazimu. Alivuka kwenda Ukerewe bila silaha, kwa mtemi Lukonge, mahali walipouawa ndugu zake, ili kumwambia kwamba hakuja kulipa kisasi. Alirudi salama. Kisha wakatweka tanga la mashua yao, Daisy, pamoja na mchungaji Wilson. Dhoruba ikawatupa ufukoni upande wa magharibi wa ziwa, mashua ikapasuka mbele na nyuma. Mbao za kuitengeneza hazikuwapo. Mackay aliikata katikati, akaondoa kipande cha futi nane, akatumia mbao zake kuziba matundu, halafu akaviunganisha vipande viwili vilivyobaki, kama fundi viatu anavyoikata ngozi ya juu ili aishone chini. Kazi ilichukua wiki nane. Mashua iliyowafikisha Buganda Novemba 1878 ilikuwa fupi kuliko ile iliyoondoka Kageye.

Mutesa alikuwa mtu mwenye akili kali, aliyezungukwa na hatari. Kutoka kaskazini Misri ilikuwa ikisogea na majeshi yake, kutoka pwani wafanyabiashara walileta bunduki na vitambaa na kuondoka na watu. Wamisionari wa kwanza walipofika kwake mwaka 1877, kati ya mambo aliyotaka kujua ni kama wanaweza kumtengenezea bunduki na baruti. Tusimcheke. Mfalme yeyote wa wakati wake angeuliza hivyo, na wafalme wa leo wanauliza hivyo hivyo. Ila hapo ndipo ulipokaa mtihani wote wa maisha ya Mackay. Chuma hakichagui. Moto ule ule, fuawe ile ile na mkono ule ule vinatoa jembe, vinatoa pingu, vinatoa mtutu. Isaya aliona panga zikifuliwa kuwa majembe, na nabii Yoeli, katika sura ya 3, anataja majembe yakifuliwa kuwa panga. Mhunzi ndiye anayesimama katikati ya manabii hao wawili.

Karakana yake aliijenga Natete, nje kidogo ya mji wa mfalme. Humo mlikuwa na tanuri, fuawe, kerezo na cherehe, na mlango haukufungwa. Wavulana wa ikulu walikuja kutazama, wakabaki kupuliza moto, wakabaki kujifunza kusoma. Mackay alikunja mikono ya shati na kufanya kazi huku akifundisha. Mbele ya wakubwa wa Buganda hili lilikuwa jambo geni. Kazi ya mikono ilikuwa ya wanawake na watumwa, na mtu mkubwa alijulikana kwa kutofanya lolote. Wahunzi wenyewe walikuwa na heshima yao kwa sababu mfalme aliwahitaji, lakini mgeni mwenye elimu, mwenye Kitabu, aliyejaa masizi usoni, hawakujua wamweke wapi.

Kwa wasiowahi kukaa karibu na tanuri, niseme kidogo. Chuma kinapoingia motoni huanza kuwa chekundu kama damu iliyokauka, kikaenda chekundu cha kung'aa, rangi ya chungwa, njano, hadi karibu na weupe. Kila rangi ina kazi yake. Ukikipiga kikiwa bado cheusi kinapasuka. Ukikiacha kikapita weupe kinaungua, kinatoa cheche na kuharibika kabisa. Vipande viwili huungana kuwa kimoja kwa nafasi fupi sana, vikiwa vimekaribia kuyeyuka, navyo lazima vitoke motoni pamoja na kupigwa hapo hapo. Kisu kikishafuliwa huchovywa kwenye maji kikiwa na joto ili kiwe kigumu, halafu hurudishwa kwenye moto mdogo ili ugumu ule upunguzwe, kwa maana kisu kigumu kupita kiasi huvunjika kama kioo. Hakuna hata hatua moja hapo inayoweza kufanywa na mtu mwenye haraka au mtu mvivu. Wavulana wa Natete walijifunza tabia hiyo kwa macho kabla hawajajua kutamka herufi.

Kisima chake kiliwashangaza kuliko tanuri. Alichimba, akafikia maji, akaweka pampu. Waganda walijua kwamba maji hushuka, na sasa yalipanda mbele ya macho yao. Wakaanza kupiga kelele kwamba Mackay ni lubaale, mmoja wa mizimu mikubwa inayoogopwa. Waganga wa lubaale walikuwa na nguvu ikulu, na kwa siku ile moja fundi huyu angeweza kuwapita wote. Aliwaeleza jinsi pampu inavyofanya kazi. Aliwaonyesha ngozi ya ndani inayovuta na mlango mdogo unaofungua na kufunga, na kuwaambia kwamba Mungu ni mmoja tu na yeye ni mtu kama wao.

Ndugu zangu, nadhani muujiza ambao mtu anakubali kuueleza na kuuvua kuwa muujiza ni jambo adimu siku hizi. Tumezoea mafuta na maji ambayo mwenyewe hataki uulize yanafanyaje kazi.

Biashara ya watu ilimkera kuliko kitu chochote. Alisimama barazani kwa Mutesa akaipinga mbele ya wafanyabiashara waliokuwa wameleta mali zao. Hakutumia hoja ya vitabu, alitumia hoja ya fundi. Alimwambia mfalme atazame mwili wa binadamu, viungo vyake, mkono wake unavyojikunja na kushika, kwamba hakuna fundi yeyote, awe wa Ulaya au wa wapi, anayeweza kuunda kitu kama kile. Halafu akauliza inakuwaje kazi kama hiyo ya Mungu ibadilishwe na kipande cha kitambaa ambacho mtu yeyote anaweza kukifuma kwa siku moja. Inaelezwa kwamba Mutesa aliguswa, na siku ile akakataza kuuza watu. Katazo halikudumu. Mashambulizi ya kuteka watu kwa jirani yaliendelea, na Mackay aliendelea kusema.

Sitaki kumchora kama malaika. Alikuwa na ulimi mkali na hasira ya karibu. Mapadre wa Kikatoliki walipofika Buganda Februari 1879, yeye na Padre Lourdel walibishana waziwazi mbele ya mfalme, kila mmoja akimwambia Mutesa kwamba mwenzake anafundisha uongo. Mutesa akabaki akiuliza, na kwa haki kabisa, kama kila taifa la wazungu lina dini yake. Hao wote walikuwa watumishi wa Kristo, wote walikuwa tayari kufa, nao hawakuweza kukaa meza moja. Madhara yake Buganda iliyaona kwa miaka mingi baadaye, katika vita vya vyama vilivyobeba majina ya madhehebu. Fundi aliyejua kuunga chuma na chuma hilo lilimshinda, na waliokuwa upande wa pili liliwashinda vilevile.

Mwaka 1882 mama yake Mutesa alifariki, na mfalme akataka maziko ambayo hayajawahi kuonekana. Mackay akaombwa atengeneze majeneza matatu, moja ndani ya jingine, moja likiwa la shaba. Wahunzi wa mfalme wakawekwa chini yake. Shaba ilipatikana kwa kuvunja masinia na vyombo vya ikulu, ikafuliwa ikawa mabamba. Kwa wiki kadhaa alifanya kazi mchana na usiku kati ya mafundi wengi waliopenda zaidi kukaa na kutazama, na jeneza la nje likawa kubwa kama chumba. Ndani yakaingia mablanketi na vitambaa vya thamani isiyohesabika. Baadhi ya watu walimlaumu kwa kupoteza muda wa Injili juu ya fahari ya wafu. Yeye alipopata nafasi alimwambia Mutesa kwamba vitambaa vyote vile vitaoza, vya hariri sawa na vya magome ya miti, na kwamba kuna jambo jingine linalohusu nafsi. Ni mara ngapi mhubiri anapata kusema hivyo kwa mfalme, na mfalme akasikiliza? Alisikilizwa kwa sababu alikuwa ameshika nyundo kwa wiki zile zote.

Mwaka huo huo, tarehe 18 Machi, watu watano wa kwanza walibatizwa. Mmoja wao, Sembera, alikuwa ameomba ubatizo kwa barua aliyoiandika kwa ncha ya unyasi na wino wa masizi. Alichagua jina la ubatizo: Mackay.

Herufi zilizochapa masomo yao zilitoka karakana ile ile. Herufi kubwa za karatasi za kusomea alizichonga kwa mbao. Alipopata mashine ndogo ya kuchapia, alipanga herufi za risasi moja moja, na Mathayo katika Kiganda ikaanza kutoka ukurasa kwa ukurasa. Waganda walinunua karatasi hizo kabla hazijawa kitabu.

Mutesa alifariki Oktoba 1884, na kijana Mwanga akaketi. Alikuwa na miaka isiyofika 20, mwenye hofu nyingi, na baadhi ya hofu zake zilikuwa na sababu, maana Wajerumani walianza kuchukua nchi za pwani. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa misheni, Kakumba, Rugarama na Serwanga, walikamatwa na kuuawa kwa moto huko Busega, kwenye kinamasi karibu na Natete. Mackay alikuwa amekimbia huku na huko akiwaombea bila mafanikio. Tarehe 29 Oktoba mwaka ule Askofu Hannington aliuawa Busoga. Mackay na mwenzake Ashe walikaa ndani wakingoja zamu yao, na katika kungoja huko walichapa. Mashine ilifanya kazi. Walichapa waraka wa kuwatia moyo waumini waliokuwa wamejificha, wakaendelea na Mathayo. Usiku wasomaji walikuja kwa kunyata kuchukua karatasi.

Hapa nafika kwa mtu ambaye kwa kweli ndiye aliyenifanya niandike makala hii. Mkuu wa wahunzi wa Kabaka Mwanga aliitwa Walukaga. Alikuwa mtu mzima, mwenye familia na cheo, si mvulana wa ikulu. Mikuki ya mfalme ilipita mikononi mwake. Alijifunza kusoma, akaamini, akabatizwa kwa jina la Nuwa, akawa mmoja wa waumini walioheshimiwa katika kundi lile dogo. Hapo Buganda palikuwa na wahunzi wawili wa imani moja: mmoja kutoka Rhynie, mwenye fuawe ya chuma na kerezo, mwingine aliyeirithi kazi ya mivuo ya Kiganda.

Mei 1886 hasira ya Mwanga ililipuka. Waliojua kusoma waliwindwa. Walukaga alikamatwa. Mfalme anayehitaji silaha huwa mwangalifu sana kwa mhunzi wake, na mtu mwenye cheo kama kile ana njia nyingi za kusema neno moja dogo la kujinusuru. Hakulisema. Tarehe 3 Juni 1886, huko Namugongo, aliteketezwa kwa moto pamoja na wenzake, Waanglikana na Wakatoliki, akiwemo Karoli Lwanga na vijana wake. Mtu ambaye maisha yake yote alikuwa akiweka vitu vingine motoni.

Kila mwaka mahujaji wa Tanzania na Kenya hutembea kwa miguu hadi Namugongo kwa ajili ya siku hiyo. Papa Paulo wa Sita alipowatangaza watakatifu mashahidi 22 wa Kikatoliki, tarehe 18 Oktoba 1964, aliwataja pia Waanglikana waliokufa kwa ajili ya Kristo. Moto ule haukuwa umewatenganisha. Ukifika Namugongo, omba uonyeshwe upande wa Waanglikana, umkumbuke na mhunzi. Na ukirudi kwenu, tazama katika baraza la wazee wa kanisa lako kuna mafundi wangapi. Fundi wetu huwa tunamkumbuka kengele ikipasuka au bati likiezuliwa na upepo. Anafanya kazi, analipwa nusu, nusu anaambiwa ni sadaka.

Mackay alibaki Buganda mwaka mzima baada ya Namugongo, kwa muda akiwa peke yake, mfalme akimhitaji kwa ufundi wake na kumwogopa kwa sababu nyingine zote. Julai 1887 alilazimika kuondoka. Alivuka ziwa kurudi upande wetu, akaanza upya mahali paitwapo Usambiro, kusini mwa ziwa. Akajenga nyumba, akajenga karakana, akawasha tanuri. Waganda Wakristo waliofukuzwa walimfuata huko. Alipanga kuunda mashua kubwa ya kwenda kwa mvuke, ili safari ya ziwa isiwe tena ya kubahatisha, na boila ile ya zamani ikarudi kwenye kazi.

Agosti 1889 Stanley, yule yule wa barua, alipita Usambiro na msafara wake uliochoka. Alikuta mtu mfupi mwenye nguo nyeupe safi, ndevu za kahawia, nyumba imejaa vitabu, na nje chuma kinafuliwa. Walikaa pamoja karibu wiki tatu. Stanley alimsihi aende kwao akapumzike, na CMS walishaandika hivyo hivyo. Miaka 13 ilikuwa imepita tangu aondoke Uingereza bila kurudi hata mara moja. Alijibu kwamba ataondoka akija wa kushika nafasi yake.

Mwanzoni mwa Februari 1890 mwenzake pekee, Deekes, alikuwa mgonjwa, tayari kusafirishwa pwani. Mackay alikuwa akitafsiri Injili ya Yohana katika Kiganda, na alifikia sura ya 14. Homa ikampata yeye. Deekes akaahirisha safari ili amuuguze. Siku chache tu zilitosha. Alikufa usiku wa Jumamosi, tarehe 8 Februari 1890, akiwa na miaka 40.

Jumapili Deekes alitafuta mbao za jeneza. Mbao zilizokuwapo ni zile Mackay alizozikata na kuzipanga kwa ajili ya mashua, na hizo ndizo zilizotumika. Walimzika kando ya kaburi la Askofu Parker, aliyekuwa amefia hapo hapo miaka miwili kabla. Waganda walisimama pamoja na vijana wa Usambiro, wakaimba kwa Kiganda. Miaka mingi baadaye Waanglikana wa Uganda walikuja kuchukua mifupa yake, wakaipeleka Namirembe.